Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwa migongo ya wapagazi

Haya tukae tuanze, muda tuliopewa ni mfupi na hili jambo ni refu.

Ukitaja Vita Kuu ya Kwanza watu wengi wanakumbuka ya darasani. Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, anampiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, na mkewe Sophie. Mwezi mmoja baadae Austria inatangaza vita na Serbia, Mrusi anamtetea Mserbia, Mjerumani yuko upande wa Austria, Mfaransa yuko na Mrusi, Mjerumani anapita Ubelgiji ili amfikie Mfaransa, na tarehe 4 Agosti Mwingereza nae kaingia. Yote hayo ndani ya wiki moja. Lakini jamani risasi za kijana mmoja haziwezi kuunguza dunia kama kuni hazijakauka tayari, na kuni zilishakauka miaka mingi, mikataba ya kulindana, mashindano ya kuunda manowari, na ugomvi wa makoloni. Hapo kwenye makoloni ndo tunapoingia sisi wa Afrika Mashariki.

Sasa sikilizeni hili, maana halisemwi sana. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kipengele kinachoruhusu makoloni ya ukanda huu yabaki nje ya vita vya Ulaya. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo), Heinrich Schnee, alitaka iwe hivo. Mkuu wa jeshi lake Paul von Lettow-Vorbeck hakutaka kabisa, yeye hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Kiingereza atakaehangaika kumkimbiza huku ni askari aliepungua kule Ufaransa. Waingereza nao hawakungoja, tarehe 8 Agosti manowari zao zikapiga mitambo ya redio Dar es Salaam. Kwahiyo vita ikaletwa, na hakuna mwenyeji hata mmoja alieulizwa.

Pigano la Tanga mnalijua. Novemba 1914, Jenerali Aitken kaja na wanajeshi kama 8,000 kutoka India, wamechoka na bahari, na kabla ya kushuka nahodha wa Kiingereza akaenda kwanza mjini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yameisha! Lettow akapata muda wa kushusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, hawakuzidi sana elfu moja, na wakashinda. Nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili, hiyo ni kweli, ila mimi siwapi nyuki ushindi ule, ulikuwa wa wale askari Waafrika na reli. Waingereza walivyoondoka waliacha bunduki, rashasha 16 na risasi laki 6.

Halafu pigano la Jasini, mpakani na Kenya, Januari 1915, Lettow akashinda tena ila kwa kupoteza maofisa na risasi nyingi mno, wakati bahari imefungwa na manowari yake ya Königsberg imejificha kwenye delta ya Rufiji (iliangamizwa Julai 1915, mizinga yake ikatolewa ikaburuzwa bara). Kuanzia hapo akaona mapigano ya ana kwa ana yatammaliza, bora apige akimbie, na hiyo "apige akimbie" ndo iliyowamaliza raia.

Kwanini? 1916 anakuja Jan Smuts, jenerali wa upande wa Uingereza, na jeshi kubwa kutoka Afrika Kusini, Machi anachukua Moshi, Septemba Dar es Salaam inaanguka, mwezi huohuo Wabelgiji wanaingia Tabora. Kwenye ramani vita imeisha. Kwenye ardhi haijaisha, sababu farasi na ng'ombe wa Smuts wanakufa kwa mbung'o kwa maelfu, barabara hakuna, masika yamemwagika. Imebaki nini cha kubebea? Mtu.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anakula karibu kilo kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, mzigo karibu wote kaula yeye, jeshi limepata vikilo vichache tu. Ili zifike nyingi unaongeza wapagazi, na hao nao wanakula, unaongeza wengine. Ndo maana upande wa Uingereza peke yake walikusanya watu karibu milioni moja, wengine kwa mshahara mdogo, wengine kwa kukamatwa vijijini. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na kula chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea na hakijaiva vizuri. Mjerumani nae alikamata watu, na alikuwa anaishi kwa nafaka za raia. Pande zote mbili zilipita Ugogo zikichukua ng'ombe, chakula na vijana, mvua ikagoma, na njaa iliyofuata Wagogo wakaiita Mtunya, iliua maelfu kwa maelfu. Hiyo kwangu ni vita kubwa kuliko Tanga.

Kuna mtu aliyaona haya mapema. John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland (Malawi ya leo), baada ya watu kufa kwenye pigano la Karonga Septemba 1914 aliandika barua gazetini kulalamika kwamba Waafrika wanamwaga damu kwa ugomvi usiowahusu. Januari 1915 akaongoza uasi, akauawa.

Mahiwa, Oktoba 1917, ndo pigano kali kuliko yote, siku nne, Wanigeria na wenzao upande wa Uingereza wakaumizwa vibaya, Lettow nae akabaki hana risasi za kutosha. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akazunguka mwaka mzima, na akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana.

Mkataba wa amani wa Versailles ukagawa makoloni ya Mjerumani, Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji Ruanda-Urundi. Wapagazi je? Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Majina mengine yanaweza kuwa bado yapo kwa wajukuu, kwahiyo kama kwenu kuna babu aliechukuliwa "kubeba" asirudi, andikeni jina lake na kijiji alichotoka kwenye lile daftari pale mlangoni. Haya, maswali, nani anaanza?