Kumzoesha punda kijana tandiko bila kumtisha

Assalamu alaykum ndugu zangu watazamaji, karibuni uwanjani kwetu. Huyu nyuma yangu ni Kusi, punda jike, bado kijana, na woga wake mtauona wenyewe. Kijana wangu anakung'uta gunia tu pale, hebu tazameni masikio. Yote mawili yamegeukia huko, shingo imenyanyuka, mkia ameubana. Tunataka abebe tandiko, na baadaye shogi la mwani, yaani lile kapu la mzigo linaloning'inia ubavu huu na huu, akiwa ametulia na kamba imelegea, bila kufungwa kwenye mnazi na bila kupigwa. Vipande vya video hii tumevipiga asubuhi mbalimbali, kwa hiyo usidhani kazi inamalizika kwa mkupuo mmoja.

Wazee walisema punda haendi bila kigongo. Mimi naona kigongo ndicho kinachoharibu punda wetu wengi. Asili ya punda ni wale punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na mnyama huyu akiogopa si mwepesi wa kutimua mbio kama farasi. Husimama kwanza, akakodoa macho, akapima. Sisi tukiona vile tunasema kaidi. Ukimchapa wakati anapima, umemhakikishia kwamba kile alichokihofia kina maumivu kweli, na kesho atakihofia zaidi.

Kabla ya tandiko, tazama umri. Mfunue midomo kwa upole. Mbele anatakiwa awe na meno sita juu na sita chini. Ukikuta ya katikati makubwa, lakini ya pembeni bado ni yale madogo meupe ya utotoni, mifupa yake haijakomaa. Mzoeshe mkono na kitambaa, basi. Mzigo usubiri mpaka meno ya utotoni yote yamebadilika, yaani ameingia mwaka wa tano. Najua shida za nyumbani zinatusukuma kuwapakia mapema, lakini mgongo ulioharibika utotoni haurudi.

Halafu mkague mgongo. Pitisha vidole pande zote mbili za uti, kutoka mabegani mpaka kiunoni, ukibonyeza kidogo. Akibonyea au akigeuka kukutazama kila ukifika pahala pale pale, pana maumivu, na daktari wa mifugo aje kwanza. Punda ni hodari wa kuficha maumivu, kwa hiyo hata ishara ndogo ichukulie kwa uzito. Na kama umemvusha kutoka bara, apimwe damu. Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997, baada ya madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege kisiwani, lakini bara mbung'o wapo, na punda mwenye ugonjwa wao hukonda na kuchoka. Uchovu ule hautibiwi kwa mafunzo.

Haya, tuingie uwanjani. Nimechagua mchanga, mbali na mawe ya uwanda, ili hata akikurupuka asijikate kwato. Ni asubuhi, jua halijapanda, upepo bado haujaanza kupiga makuti. Yule punda mkubwa anayekula majani pale pembeni ni rafiki yake. Punda hushikana urafiki wa kweli, na mmoja akitengwa peke yake hapati raha hata umpe pumba gunia zima. Basi mwenzake awepo, aonekane.

Kichwani amevaa hatamu ya kamba laini, isiyo na lijamu mdomoni. Kamba ya kushikia ni ya pima mbili hivi. Ikunje mkononi kwa mikunjo, usijizungushie kiganjani, maana akivuta ghafla vidole vitakwenda naye.

Hatua ya kwanza ni mkono wako. Usimwendee uso kwa uso, na usitokee nyuma; macho ya punda yako pembeni mwa kichwa, na mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia haoni. Nenda kwa ubavuni, ukisema naye. Maneno yoyote yanafaa, mradi sauti iwe ya chini. Mguse begani kwanza. Mkwaruze kidogo pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda wenyewe hukwaruzana kwa meno. Ukiona mdomo wa juu unaanza kurefuka na kutikisika, amefurahi. Kisha teremka taratibu: mgongo, ubavu, tumbo, kwapa la mguu wa mbele. Tumboni ndipo wengi wanaposhtuka. Ngozi ikitetema, subiri uone, huenda ni inzi tu. Inzi hutetemesha pale alipotua. Woga hukaza mwili mzima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hatua zote zilizobaki zinasimama juu ya jambo hili. Mkono wako, au kitambaa, au tandiko, uondoe wakati ametulia. Usiuondoe wakati anahangaika. Ukimgusa tumbo akaruka, nawe ukauondoa mkono pale pale, umemfundisha kwamba kuruka ndiyo dawa. Ukiuacha mkono pale pale, bila kumkandamiza wala kumfuata kwa nguvu, akasimama hata kwa pumzi moja, hapo ndipo uondoe. Atajua kwamba utulivu ndio unaoondoa kitu cha kutisha. Na kama mahali pale pamemshinda kabisa, basi umekwenda mbali mno. Rudi begani, anza tena karibu.

Hatua ya pili, kitambaa. Hapa nitakaa sana, kwa sababu ukiipata hii tandiko halitakusumbua. Tumeanza na khanga kuukuu, iliyofuliwa. Usimtupie. Ikunje iwe ndogo ya kujaa kiganjani, umpe anuse. Muache akitaka kuivuta kwa midomo aivute. Kisha mguse nayo begani, ondoa. Mguse tena, ondoa. Sogeza kamera hapa mwanangu, wamwone jicho. Mnaona? Lile jicho lilikuwa wazi kabisa, limekaza, na juu yake pamefanya mkunjo kama pembe. Sasa amepepesa. Amelamba midomo. Kichwa kimeshuka mpaka usawa wa mgongo. Hapo nimeondoa khanga na nimerudi nyuma hatua moja, nampa nafasi afikiri. Kule kutafunatafuna bila kitu mdomoni ni mwili unaojilegeza. Usimharakishe wakati huo.

Akishazoea khanga iliyokunjwa, ikunjue nusu. Ipitishe mgongoni kutoka mbele kwenda nyuma, kufuata malaika ya ngozi yanavyolala. Iteremshe ubavu wa pili. Mwanzo wa khanga kuonekana upande wa pili ndipo atakaposhtuka, kwa sababu jicho la upande ule lilikuwa halijaona kitu, mara kinatokea kitu chekundu. Kwa hiyo kila ulilofanya kushoto lifanye upya kulia, tangu mwanzo, kwa subira ile ile. Watu wengi humzoesha upande mmoja, kisha wakashangaa kwa nini punda anakubali kushoto na kulia anarusha mateke.

Baada ya khanga njoo na gunia la katani, baada ya gunia kiroba cha plastiki. Kiroba kina kelele, kinachakarisha, na upepo wa kusi ukikikamata kinapepea. Kianze mbali. Kijana wangu anatembea nacho mbele, mimi na Kusi tunamfuata nyuma. Kitu kinachokwenda mbele yake na yeye anakifuata hakimtishi kama kinachomjia. Baada ya muda atataka mwenyewe kukisogelea na kukinusa. Muache.

Kila kipindi kisizidi dakika kumi na tano hivi. Umalizie kwenye jambo analoliweza, hata kama ni kule kuguswa bega tu, kisha mfungue akale.

Hatua ya tatu ni kubanwa tumbo, na ndiyo inayowatia hofu kuliko uzito wa tandiko. Tunaitangulia kwa kamba laini au kitambaa kirefu. Kipitishe mgongoni, ncha ichukuliwe chini ya tumbo, usifunge. Shika ncha zote mbili mkononi, vuta kidogo, akisimama legeza. Vuta tena, legeza. Ukiwa hujafunga, akiruka unaachia na hakuna aliyeumia. Kamba ya usumba usiitie mwilini mwake tupu hata siku moja. Kamba zetu za makumbi ni imara, zinafaa kwa madau, lakini kwenye ngozi ya punda zinakereza kama msumeno, na likishaingia jasho na chumvi lile jeraha haliponi upesi. Tumia ukanda mpana, wa kitambaa kizito au wa gunia lililokunjwa, upana wa vidole vinne.

Sasa tandiko lenyewe. Hili tumelishona kwa magunia, ndani tumejaza makumbi yaliyochambuliwa vizuri, hayana vigumba. Ligeuze ulitazame chini: ni mito miwili, na katikati pana mfereji. Mfereji ule ndio uhai wa mgongo wake. Uzito unatakiwa ukae kwenye nyama za pande mbili, juu ya mbavu, na uti wa mgongo usiguswe na kitu. Ukitandika gunia tupu lililokunjwa na kupakia juu yake, uzito wote unalalia mfupa.

Tandiko liwekwe chini, alizunguke, alinuse. Kisha libebe wewe kifuani utembee naye. Kisha liguse begani kama ulivyofanya na khanga. Akikubali, linyanyue uliweke kwa upole, mbele kidogo ya mahali pake, ulivute nyuma mpaka malaika yalale sawa. Kusi ana ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatwa na mwengine wa mabegani. Tandiko lianzie nyuma ya pale mistari inapokatana, bega liwe huru kwenda mbele. Liweke, hesabu pumzi zake tatu, liondoe. Liweke tena. Mnaona tunaliondoa mara nyingi kuliko tunavyoliacha. Anajifunza kwamba hiki kitu huja na huondoka, hakimng'ang'anii.

Mkanda wa tumbo upite nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, uache nafasi ya kiganja. Mara ya kwanza ukaze kiasi cha kuzuia tandiko lisianguke tu. Mtembeze hatua chache. Wengi hujaza pumzi wanapofungwa, wakitembea wanazitoa, mkanda unalegea, na tandiko likipinduka chini ya tumbo la punda mwoga kazi yote imerudi mwanzo. Kwa hiyo tembea, kaza kidogo, tembea, kaza kidogo. Mwisho vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha.

Punda hana mwinuko mkubwa mabegani kama wa farasi, mgongo wake umenyooka, kwa hiyo akiteremka mtelemko tandiko humkimbilia shingoni. Ndiyo sababu ya huu mkanda wa nyuma, unaozunguka mapaja chini ya mkia. Huu nao uzoeshe peke yake, kwa mkono kwanza, ukiwa umesimama ubavuni. Usisimame nyuma yake.

Je, akigoma katikati ya njia? Usimvute mbele. Simama naye, tazama anakotazama, uone anachoona. Kisha mgeuze kichwa kidogo upande, mguu mmoja ukisogea legeza kamba, umsifu. Akiruka na tandiko juu, usipige kelele. Mwache azunguke kwenye mchanga kamba ikiwa ndefu, na akisimama mwenyewe mwendee kwa bega kama siku ya kwanza.

Shogi lije mwisho. Litandikwe tupu kwanza, maana lenyewe linachakarika ubavuni akitembea. Kisha tia nazi, idadi moja kila upande, chache. Ukitia upande mmoja, mwenzako ashike wa pili, lisije likavuta. Punda wa kilo 150 asipitishe kilo 35 hivi, tandiko na shogi ndani yake, na huyu anayeanza apate chini ya nusu ya hizo kwa muda mrefu. Mwani mbichi uchuruzike kwanza pale pale ufukweni kabla ya kupakia. Yale maji ya chumvi yakipenya chini ya tandiko yanamchoma siku nzima, na ni uzito wa bure.

Mkifika nyumbani, legeza mkanda, muache apumue, kisha vua. Osha mgongo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lakini kabla ya kumwagia maji tazama jasho lilivyokaa. Hapa kwa Kusi mabaka mawili ya jasho yanalingana, kulia na kushoto, na uti katikati ni mkavu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta ndani ya lile baka la jasho pana kipande kidogo kikavu, tandiko linamgandamiza pale. Fumua mshono wa mto upande ule, punguza makumbi, shona upya, na usimtandike mpaka umalize.