Vibao vya hewa vya gari la umeme: jibu langu kwa swali mnaloniuliza kila siku

Ndugu zangu wa Tanga na wa kwingineko, asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Tangu nilipoweka picha ya gari likiwa limevuliwa bampa uani kwa mama, Chumbageni, swali linalonifikia ni lile lile: gari la umeme liliandika kwamba mfumo wa kupoza una hitilafu, mkalifungua, je, mliishia wapi na ilikugharimu kiasi gani? Wengi wameuliza kwa wema. Wengine wameongeza kwamba naonyesha gari ili ijulikane kuwa ninalo, na wachache wamesema nimekwenda Ulaya nikarudi kuwasimanga mafundi wa nyumbani. Gari lile nililinunua likiwa limekwishatumika, kwa mkopo ambao bado naulipa hapa Coventry, Uingereza, kwa zamu za usiku ghalani, na nililipeleka Tanga ili mama afike kliniki Bombo bila kugombania usafiri. Kuhusu mafundi wa nyumbani, subirini msikie, kwa sababu wao ndio waliookoa fedha zangu. Kampuni iliyolitengeneza gari siitaji, maana sina ugomvi nayo, na mfumo huu unapatikana kwenye magari ya kampuni nyingi.

Vibao vya hewa ninavyovizungumzia, ambavyo ndivyo vilivyoleta ujumbe ule wa hitilafu, ni vile vya plastiki nyeusi vilivyolala nyuma ya matundu ya chini ya bampa, mbele ya rejeta. Vinafunguka na kufunga kwa pamoja mithili ya madirisha ya vipande vya vioo, isipokuwa kinachovigeuza ni mota ndogo ya volti 12 inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari. Gari likienda kasi bila joto kubwa, vibao hufungwa ili upepo uteleze juu ya bampa badala ya kuingia ndani, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda mara mbili ya mwendo wa awali, ukinzani unakuwa mara nne, na kila kinachopunguza ukinzani huo huongeza kilomita za betri. Kwenye nchi za baridi vibao vilivyofungwa husaidia pia kuhifadhi joto. Betri, mota kubwa inayoendesha gari au kiyoyozi kikihitaji kupozwa, hufunguliwa.

Dalili ya kwanza haikuwa taa kwenye dashibodi, ilikuwa feni. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wa mama, alinieleza kwamba feni ya mbele inanguruma hata gari likiwa limeegeshwa linachajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ambako umeme unaoingia hauzidi kilowati 3 na hakuna joto la kustahili feni ya namna hiyo. Baadaye kiyoyozi kikaanza kutoa hewa vuguvugu mchana. Hayo mawili yana chanzo kimoja, kwa kuwa kondensa ya kiyoyozi, yaani sehemu inayotoa joto lake nje, nayo imekaa nyuma ya vibao hivyo hivyo, na vikifungwa feni inavuta hewa isiyopatikana. Kisha wakapanda Lushoto. Mnaoifahamu barabara ya Mombo kwenda juu hamhitaji kuelezwa: mwendo ni mdogo, kona hazimaliziki, mota kubwa inavuta kwa nguvu muda wote na upepo wa kupoza haupo. Gari likapunguza nguvu lenyewe na kuandika ujumbe wa hitilafu.

Hapa ndipo nilipoanza kuhangaika na makaratasi, na nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi mnadhani aliye Uingereza akitaka spea anapiga simu na kuletewa. Gereji iliyoidhinishwa niliyoiuliza huku ilinijibu kwamba mota ya vibao haiuzwi peke yake, bali huuzwa fremu nzima pamoja na vibao na mota, kwa bei inayopita pauni 500 kabla ya kufungwa. Walipoingiza namba ya chesisi kwenye mfumo wao, wakaona gari limeandikishwa kuwa limeondoka nchini moja kwa moja. Ni kweli, kwa sababu sheria ya hapa inakutaka uiarifu mamlaka ya leseni za magari unapolitoa gari nje kwa miezi 12 au zaidi, nami nilifanya hivyo kwa utaratibu unaotakiwa. Kwa kufuata sheria nikageuka mtu wa kushukiwa: nithibitishe umiliki, nitume hati ya usafirishaji, nitume tena kwa sababu ya kwanza haisomeki, kisha nielezwe kwamba dhamana haivuki mpaka, jambo ambalo sikuliuliza. Nilichotaka ni kuuziwa kipande cha plastiki.

Fremu hiyo, isitoshe, ina upana unaokaribia upana wa gari, na kampuni za usafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi, si kwa uzito peke yake, hivyo kitu chepesi kinalipiwa kama mzigo mzito. Kikifika nyumbani, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei ikijumlishwa na nauli na ushuru, maana yake nauli yenyewe inazaa kodi. Sisemi kodi isilipwe. Nasema tu kwamba ndugu aliyeniandikia kuwa “mtu wa pauni hawezi kushindwa na pauni mia tano” aniambie ni mwezi gani kati ya kodi ya nyumba, mkopo wa gari na matibabu ya mama ambapo fedha hizo hubaki mezani. Neno lile liliniumiza, na nimeamua kulisema hadharani kwa sababu siko peke yangu ninayeambiwa hivyo.

Basi nikaamua kwamba hakuna kitakachonunuliwa mpaka kosa lithibitishwe, na nilipokuja likizo tukalipeleka gari kwa fundi umeme Ngamiani. Mashine ya kupimia ikasoma kwamba vibao havikufika mwisho wa mwendo wao. Ni muhimu muelewe maana ya sentensi hiyo. Gari linapoamka, kompyuta huiamuru mota izungushe vibao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili ijue mipaka yake. Vikisimama kabla ya mahali panapotarajiwa, inaandika kwamba vimekwama. Vikipitiliza bila kugota popote, inaelewa kwamba kiungo kati ya mota na vibao kimevunjika au kimechomoka. Mota isipojibu kabisa, inaandika kwamba mawasiliano yamekatika, na hapo unatazama fyuzi, plagi na waya kabla ya kitu kingine chochote. Aina hizo tatu zina tiba tofauti kabisa, lakini dashibodi inaziandika zote kwa ujumbe mmoja. Mtu anayekuuzia spea kwa kusikia ujumbe wa dashibodi hajapima.

Kwa kuwa mashine ilisema vimekwama, tulizima gari, tukavua bampa, tukatafuta jiwe, jani, tope au kibao kilichopinda. Kulikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Pangani, tukalisafisha kwa maji na brashi laini. Fundi akafungua skrubu za mota, akaitoa, kisha akavigeuza vibao kwa kidole, navyo vikaenda hadi mwisho na kurudi bila kukwaruza. Hapo ikajulikana kwamba kilichokwama si vibao. Mtu mwingine angesema sasa basi mota imekufa. Fundi akasema tupime kwanza chakula chake, yaani umeme unaoifikia.

Plagi ya mota hiyo ina waya tatu: wa chanya, wa hasi na wa mawasiliano. Mita ilisoma volti 12 na ushee kwenye chanya na hasi, na kwenye waya wa mawasiliano namba ilichezacheza chini kidogo ya hapo, ambayo ndiyo dalili ya waya unaozungumza. Kwa mujibu wa mita, kila kitu kilikuwa kizima. Fundi akaiweka mita chini, akachukua balbu ya indiketa iliyofungwa waya mbili, akaigusisha kwenye pini zile zile. Balbu haikuwaka. Uzi wake ulipata wekundu hafifu ambao ulionekana pale tu alipoukinga kwa kiganja. Mita inahitaji umeme mdogo mno ili isome, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaweza kuonyesha volti zote, lakini ukiutwisha mzigo wa kweli hauna kitu. Mota ilikuwa inapata umeme wa kutosha kujibu kompyuta, na usiotosha kuvisukuma vibao hadi mwisho.

Alipouhamisha upande wa hasi wa balbu na kuugusisha kwenye bodi ya gari, ambayo nayo ni hasi, balbu ikawaka vizuri, kwa hiyo ubovu ulikuwa kwenye waya wa hasi. Tukaufuata, tukakuta umbali wa shubiri moja kutoka kwenye plagi kuna kiungo kilichozungushiwa utepe mweusi wa umeme. Kipande hicho nimerudi nacho Coventry. Shaba yake imekuwa nyeusi, na pembeni ina unga wa kijani unaomwagika ukiugusa. Hiyo ni kazi ya chumvi: huku hunyunyizwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na Tanga hewa ya bahari imemalizia. Kiungo kile hakikutoka kiwandani. Gari liliwahi kugongwa mbele likarekebishwa, ilhali aliyeniuzia aliandika kwa mkono wake kwamba halijapata ajali. Nimemwandikia na hajajibu.

Tiba yake ilikuwa kukata sehemu yote iliyooza mpaka kufikia shaba inayong'aa pande zote mbili, kuunga kipande kipya cha waya wenye unene ule ule, kuchomea kwa risasi, na kufunika kwa mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, ili maji yasipate njia. Pini zilisafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Kwenye ekseli za vibao hatukupaka grisi, kwa kuwa grisi hushika vumbi na baada ya miezi michache unapata ule ukwamaji ambao hukuwa nao. Kabla ya kurudisha bampa tuliliamsha gari, vibao vikafunga, vikafunguka, vikatulia. Kisha fundi akafuta kosa kwa mashine na kuamuru mota ijifunze upya mipaka yake, hatua ambayo magari mengine huifanya yenyewe na mengine hayafanyi mpaka yaamriwe.

Fundi alilipwa shilingi 70,000 pamoja na waya na mpira. Mota ni ile ile ya awali na bado inafanya kazi. Walipopanda tena Lushoto, gari halikupunguza nguvu.

Sasa haya ni ya gari langu, na lako linaweza kuwa na ugonjwa mwingine wenye dalili hizi hizi, hivyo sitaki mtu aje kuniambia nilimshauri vibaya. Baadhi ya magari yana springi inayofungua vibao umeme unapokatika. Langu halina, ndiyo maana vilibaki vimefungwa. Kwa maoni yangu, na kwa joto la Tanga linalopita nyuzi 30 kuanzia Januari hadi Machi, tofauti hiyo ndiyo ya kuijua kabla ya yote. Vikikwama vikiwa wazi, kwa mizunguko ya mjini hasara ni ndogo sana, na unaweza kusubiri mpaka upate fedha. Vikikwama vikiwa vimefungwa, usipande mlima, usichaji kwa chaja yenye kasi, na usimwache mgonjwa ndani ukitegemea kiyoyozi. Kuna walioniuliza kama wanaweza kuvifunga kwa waya vibaki wazi. Mimi ningekubali kwa muda, ila plagi ya mota ichomolewe kwanza, la sivyo kila gari linapoamka mota itasukumana na waya wako mpaka iungue.

Mnaotaka kufungua wenyewe, feni ya mbele inaweza kuanza kuzunguka hata gari likiwa limezimwa, hasa linapochajiwa, kwa hiyo chomoa chaja, zima gari, chomoa hasi ya betri ndogo, na vidole vikae mbali na feni. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme mkubwa unaoua. Mfumo wa vibao hauzihusu hata kidogo, basi zisiguswe. Bomba za kiyoyozi nazo zisikunjwe kutafuta nafasi.

Mwenye ujumbe kama huu kwenye gari lake, kabla ya kuniuliza bei, aniandikie mambo matatu: mashine imesema vimekwama, vimepitiliza au mawasiliano yamekatika, vibao viko wazi au vimefungwa, na balbu, si mita, imewaka kwa kiwango gani kwenye pini za plagi. Nikiyapata hayo nitajibu mmoja mmoja, siku ambazo sina zamu.