Tunamkasirikia nani, tunamnyamazia nani

Wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama na vijana wa Malindi, Bwana asifiwe. Leo nasema na Wakristo wenzangu, na pia waheshimiwa wetu wa siasa, ambao wengi wao hawakosi kiti cha mbele Jumapili.

Turudi mwaka 2023. Tarehe 24 Februari, Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika linalotetea mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa. Mnakumbuka Machi ilivyokuwa. Kila mimbari, hubiri lilikuwa hilo. Wanasiasa wakashindana kwa ukali, na Rais mwenyewe akasema mila na dini zetu haziruhusu. Sijaja hapa kumgeuza mtu imani yake juu ya jambo hilo. Naomba tu mzitazame tarehe.

Machi hiyo hiyo, msituni Shakahola, watoto wa Wakristo walikuwa wakifa njaa kwa mafundisho ya mhubiri. Wala hakuwa mgeni. Paul Mackenzie alikuwa na kanisa hapa hapa mjini. Mwaka 2017 alishikwa, watoto walipokutwa kwake wakiwa hawaendi shule. Mwaka 2019 akalifunga kanisa, akahamia porini na waumini wake. Machi 2023 akashikwa tena kwa vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana ya shilingi 10,000. Elfu kumi, ndugu zangu! Sikusikia kanisa likiitisha maandamano wiki hiyo. Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa, na ilipofika mwisho miili ilikuwa zaidi ya 400.

Mliokwenda hospitali yetu siku zile mliona. Mochari ilijaa, yakaletwa makontena ya baridi. Watu walitoka Kenya nzima na picha za binti zao na wajukuu zao, wakapanga foleni kutoa sampuli za DNA, wakarudi makwao kungoja. Familia ya kwanza ilikabidhiwa miili yake Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Mbona tulikuwa wakali hivyo kwa uamuzi wa mahakama ya Nairobi, na wapole hivyo kwa mhubiri wa Malindi? Mimi naona sababu ni moja. Kumkemea shoga hakumgharimu mchungaji kitu; hayumo katika kamati ya ujenzi, wala hatoi fungu la kumi. Lakini ukimkemea mhubiri mwenzako, watu watauliza na wewe ni nani aliyekuwekea mikono, na sadaka yako hukaguliwa na nani. Ndiyo maana serikali ilipoleta mapendekezo ya sheria ya kusimamia mashirika ya dini, sauti zetu zilirudi kwa nguvu kutetea uhuru wa kuabudu. Uhuru huo nami nautetea. Ila wale watoto hawakutetewa kwa sauti kubwa kama hiyo.

Mnaijua habari ya nabii Nathani. Alimsimulia mfalme Daudi juu ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akaapa yule tajiri lazima afe. Hasira ya kweli kabisa! Na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumuua Uria. Nathani akamwambia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Huduma hiyo ya Nathani ndiyo tuliyoiacha.

Tazameni wazee wetu. Kilifi hii, mzee akiota mvi na shamba lake likiwa zuri, huanza kunong'onwa kuwa ni mchawi. Wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo, ila wasikatwe mapanga. Mara nyingi anayetoa habari ni mtoto au mpwa anayelitaka shamba. Na wauaji wengine ni watu tunaoimba nao kwaya, hilo tusilikwepe. Nani hapa aliwahi kusikia mwanasiasa akiitisha kikao na wanahabari kwa ajili ya mzee mmoja wa Ganze?

Na mabinti wetu wa ufuoni. Tumezoea kuwalaani wazungu. Uchunguzi wa UNICEF na serikali wa mwaka 2006 juu ya biashara ya ngono ya watoto Pwani ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wateja ni Wakenya. Ni waume wa watu, na sadaka wanatoa.

Ipo mifano ya ujasiri. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni aliyotoa Rais kwa parokia moja. Ni wachache, lakini wameonyesha kwamba inawezekana.

Mwaka 2025 miili mingine, zaidi ya 30, ilifukuliwa Kwa Binzaro, huko huko Chakama, eneo lile lile la msitu wa Shakahola. Baada ya yote yale. Kwa hiyo ninyi wazee wa kanisa nawaomba hili moja. Mheshimiwa atakapokuja kwenye harambee yenu na bahasha, akitaka kusema juu ya maadili, mwulizeni kwanza, mbele ya watu, amefanya nini kwa ajili ya Shakahola, Kwa Binzaro na wazee wanaouawa. Akikosa jibu, kipaza sauti msimpe, na bahasha mumrudishie.