Acha Wacheke Kwanza: Mhadhara kwa Waigizaji Chipukizi wa Vichekesho

Jamani, mliowahi kunisikia mnajua nitakapoanzia, na wanaochoka wavumilie. Kicheko cha watazamaji ni zamu yao ya kusema. Ukiongea juu yake umewakata kauli.

Chukueni kipande hiki. Mke anauliza, "Hela ya ada ya mtoto ipo wapi?" Mume anajibu, "Ipo." Mke ananyamaza. Macho yanamshuka mume kutoka usoni, kwenye shati, mpaka viatu vipya. Kisha: "Naona. Tena imefungwa kamba."

Kicheko kinaanza pale macho yanapofika miguuni. Maneno yanakuja kukikoleza tu. Ukisema kabla watu hawajaviona viatu, umewajibu swali ambalo hawajajiuliza. Na hiyo "kamba" ikae mwisho kabisa. Ukiongeza "mume wangu" nyuma yake, watu wanangoja umalize badala ya kucheka. Halafu msiimeze! Wengi mnashusha sauti mwishoni mwa sentensi, na mwishoni ndiko utani ulikokaa. Kwenye mazoezi mwekeni mtu kiti cha nyuma kabisa, feni zikiwa zimewashwa, awarudishie neno la mwisho alilolisikia.

Wakishacheka, tulia. Kicheko hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ukiingia kileleni, maneno yako ya kwanza yamekwenda na maji. Ukingoja ukumbi upoe kabisa, una kazi ya kuuwasha upya. Ingia kikiwa kinashuka, tena kwa maneno ambayo yakipotea si hasara: "Wewe baba, hebu nisikilize." Habari yenyewe ifuate hapo. Wakiwa wachache, waombeni wasogee mbele wakae pamoja. Viti vitupu katikati yao huua kicheko kuliko utani mbovu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mama, sisi tunafanya televisheni, watazamaji hawapo." Ndiyo maana mnaharibu! Acha sekunde mbili za kimya kabla ya kauli na baada yake, uso ukiwa bado kazini. Mhariri akiona kimya kimezidi atakikata. Kisipokuwepo, hana pa kukitoa. Na kamera ikiwa kwenye uso wa mwenzio, usimdakie maneno. Sauti zikishapandana, mkasi hauna pa kupita.

Sasa huyo mume. Kazi yake ni kukausha. Asitazame viatu, asichezeshe mguu, asikune kichwa, kwa sababu jicho la mtazamaji hufuata kinachosogea. Anamwachia mwenzake kicheko, na kukiachia kunauma. Urafiki wa jukwaani naupima hapo, si kwa picha mnazopiga pamoja. Kenya watu walizoea kuwataja Mzee Ojwang na Mama Kayai, mume na mke wa kipindi cha vichekesho cha televisheni, Vitimbi, kwa pumzi moja. Hiyo haiji kwa kunyang'anyana kauli.

Naonyeshwa saa. Haya, wenye watoto wachanga, haraka haraka. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Lakini wewe unalipwa kwa siku, na siku usiyokwenda hulipwi. Kwa hiyo andikisha kwenye mkataba kabla hamjaanza kupiga picha: mapumziko ya kunyonyesha au kukamua kila baada ya saa tatu hivi, na sehemu ya faragha ambayo si choo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba. Chini ya turubai saa saba mchana msithubutu, wekeni kwenye kisanduku chenye barafu. Gauni la kuigizia lifunguke mbele, liwe la maua mengi, na yawe mawili yanayofanana. Moja likilowa, onyesho linaendelea bila mavazi kubadilika katikati.

Kuhusu kuigiza watu wa jijini nilikuwa na mengi. Shikeni hili: kwa konda wa daladala chukueni mwendo wa maneno yake, anavyoita vituo huku anarudisha chenji na kugombana na abiria bila kupoteza hesabu. Mnaochukua lafudhi ya kabila la watu mkaiita kichekesho, mnanichosha.

Mwenye swali asimame, na sauti yake ifike nyuma.