Gari la Haibridi Hulipwa na Kilomita

Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, na wanachama wenzangu,

Nashukuru kwa nafasi hii. Katibu alinieleza kwamba maombi mengi ya mikopo ya magari yanayofika mezani kwake siku hizi yanataja Aqua, Fielder ya haibridi au Prius, yaani magari ya Toyota yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na kwamba kamati ya mikopo imekuwa ikijiuliza kama ile nyongeza ya bei juu ya gari la petroli tupu, ambayo kila mwombaji anaahidi kuwa "itarudi kwenye mafuta", hurudi kweli. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe humtegemea mwendeshaji kuliko linavyolitegemea gari.

Naomba tuanze na kitu hiki nilichokiweka hapa mbele. Hii ni moduli moja ya betri ya nikeli, ya aina iliyotumika katika Prius na Aqua za miaka iliyopita. Ni bapa, ndefu karibu sawa na rula ya mwanafunzi, ina uzito wa kama kilo 1, na ndani yake mna seli 6 ambazo kwa pamoja hutoa volti 7.2. Aqua hubeba moduli 20 za namna hii, na zikiungwa mfululizo zinafikisha volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu hubeba 28, na kufikisha volti 201.6. Volti hizo zinatosha kuua mtu, na ndiyo maana nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa, lakini umeme uliohifadhiwa humo ni mdogo kuliko wengi wetu tunavyodhani: betri nzima ya Aqua, hata ikijaa mpaka juu, haifikishi uniti 1 ya LUKU. Gari haliwezi kukupeleka mbali kwa umeme wa kiasi hicho.

Nafuu ya mafuta basi inatoka wapi? Gari la kawaida linapofunga breki kwenye taa za Magomeni, ule mwendo wote ulioulipia kwa petroli hugeuka joto kwenye pedi na kupotea hewani. Katika gari la haibridi, mota hugeuka kuwa jenereta wakati huo huo, hulipunguza gari mwendo, na sehemu ya nguvu hiyo huirudisha kwenye betri. Taa zikiruhusu, gari huondoka kwa nguvu ile iliyookolewa, na injini huwaka baadaye. Foleni ikisimama, injini huzimika. Betri hii ni kata, si pipa. Ni ndogo, lakini huteka na kumwaga mara nyingi mno kwa siku.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini gari hili hupata faida kubwa mahali ambapo sisi wengine tunaumia, yaani kwenye foleni ya Ubungo, Tazara au Mwenge. Utaona pia kwa nini faida hiyo hupungua mtu anaposafiri kwenda Mbeya kwa mwendo usiobadilika, kwa kuwa hakuna breki za kuvuna, na injini inabaki kufanya kazi karibu peke yake, ingawa yenyewe imetengenezwa kuwa na matumizi mazuri. Anayerudi kutoka Iringa akiteremka Kitonga huona betri imejaa kabla hajafika chini, na kuanzia hapo mteremko uliobaki haumwongezei kitu; anachopaswa kufanya ni kuweka gia kwenye B ili injini isaidie kushika gari, asije akachoma breki. Kwa hiyo mtu ambaye kazi yake ni safari za mikoani asikopeshwe kwa hoja ya mafuta ya foleni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Aqua ilipozinduliwa Japani mwezi Desemba 2011, matumizi yake kwa kipimo cha huko kiitwacho JC08 yalitangazwa kuwa kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho hufanywa maabara, na asiwepo mwanachama atakayeandika namba hiyo kwenye fomu ya mkopo. Katika joto la Dar es Salaam, kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote, kupata kilomita 20 kwa lita ni matokeo mazuri ya kushukuru, na ndiyo namba nitakayoitumia.

Chukueni magari mawili ya Fielder, ya mwaka mmoja na hali moja, moja la petroli na jingine la haibridi, na tuseme tofauti ya bei baada ya ushuru wote ni shilingi 4,000,000. La petroli hutembea kilomita 12.5 kwa lita mjini, yaani hutumia lita 8 kwa kilomita 100. La haibridi hutembea 20, yaani lita 5. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita, na kila mtu aje kuibadilisha kulingana na bei ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi. Kwa kila kilomita 100, mwenye haibridi anaokoa lita 3, ambazo ni shilingi 9,000. Ili zile milioni 4 zirudi, gari linapaswa kutembea kilomita 44,000 na ushee.

Mwanachama anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, akipitisha watoto shule asubuhi, tumkadirie kilomita 800 kwa mwezi pamoja na safari za mwisho wa wiki. Anaokoa shilingi 72,000 kwa mwezi, na atarudisha fedha yake baada ya miaka 4 na miezi 7 hivi. Dereva wa teksi ya mtandaoni, akitembea kilomita 150 kwa siku kwa siku 26, hutimiza kilomita 3,900 kwa mwezi, na fedha yake hurudi kabla mwaka haujaisha. Gari ni lile lile, mji ni ule ule, na majibu yametofautiana hivyo.

Lakini sisi tumekutana hapa kama wakopaji. Ikiwa ile milioni 4 ya nyongeza imetoka kwenye mkopo wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, basi riba ya mwezi wa kwanza kwa nyongeza hiyo peke yake ni shilingi 40,000. Ndugu yetu wa Mbagala anaokoa 72,000 kwenye mafuta na kutoa 40,000 kwenye riba, na bado hatujaitaja betri. Ni kweli riba hupungua kadiri salio linavyoshuka, lakini kamati isiliache jambo hili nje ya mahesabu, kwa maana ndilo ambalo mwombaji hulisahau mapema kuliko yote.

Kuna kosa jingine ambalo naliona mara nyingi, nalo ni kulinganisha gari hili na lisilo mpinzani wake. Mtu anatoka kwenye gari la injini kubwa linalotembea kilomita 8 kwa lita, ananunua Aqua, kisha anasifu haibridi kwa nafuu yote anayoipata. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo imeletwa na udogo wa gari. Angenunua Passo ya injini ya lita 1, ambayo kwa dereva mtulivu hufikisha kilomita 15 kwa lita, angeshuka kutoka lita 12.5 hadi 6.7 kwa kilomita 100. Kutoka Passo kwenda Aqua anaokoa lita 1.7 tu, na hizo 1.7 ndizo zinazopaswa kubeba tofauti ya bei ya magari hayo mawili. Kilomita kwa lita ni kipimo kinachotupumbaza kidogo: kupanda kutoka 10 hadi 15 huokoa lita 3.3 kwa kila kilomita 100, ilhali kupanda kutoka 20 hadi 25 huokoa lita 1 tu. Nawaomba fomu zetu za mkopo zidai lita kwa kilomita 100.

Nirudi kwenye moduli hii, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo. Tunanunua magari yaliyokwisha kutumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Hapa kwetu linaingia hata likiwa kuukuu zaidi, mradi mwenyewe alipe ushuru wa ziada wa uchakavu, na kwa hiyo betri zinazotufikia mara nyingi zimeshakula miaka mingi. Karatasi ya mnada kutoka Japani hueleza kwa makini mikwaruzo ya bodi, usafi wa viti na kilomita zilizotembea, kisha hulipa gari daraja la hali yake, lakini daraja zuri la 4.5 si cheti cha afya ya betri.

Shemeji yangu alinunua gari la namna hiyo likiwa linang'aa. Mwaka wa pili taa ya tahadhari ikawaka kwenye dashibodi, na gereji aliyokwenda ikamtolea moduli moja mbovu na kumwekea nyingine iliyotolewa kwenye gari la ajali. Baada ya miezi 3 taa ikarudi, safari hii kwa moduli ya jirani. Ndivyo ilivyo, kwa sababu moduli zilizozeeka pamoja hufa kwa kufuatana, na ile mpya inayoingizwa katikati haifanani nazo kwa uwezo. Tulipokuja kufungua kiti cha nyuma tulikuta feni hii hapa. Itazameni mapanga yake: vumbi limegandamana na nyuzi za khanga na za zulia mpaka nafasi ya kupitisha hewa imekwisha. Feni hii huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma, na shemeji alikuwa akiweka mizigo mbele ya tundu hilo kila siku. Betri ilipikwa polepole kwa miaka 2, na kusafisha feni ni kazi isiyomaliza saa 2.

Kwa hiyo betri ihesabiwe kama mafuta yaliyonunuliwa mapema. Tuseme kubadilisha betri nzima kutagharimu shilingi 3,000,000, na kwamba ile iliyomo imebakiza kilomita 100,000. Basi kila kilomita 100 inakula shilingi 3,000 ya betri, na nafuu yetu ya 9,000 inabaki 6,000. Dereva wa teksi sasa anahitaji miezi 17 kurudisha nyongeza yake, na bado ni biashara nzuri. Ndugu yetu wa Mbagala anahitaji karibu miaka 7, nafuu yake halisi ni 48,000 kwa mwezi, na ile riba ya mwezi wa kwanza inamwachia shilingi 8,000. Huyo mimi nisingemshauri alipe nyongeza hiyo, isipokuwa kama ana sababu nyingine, kwa mfano kupenda utulivu wa gari, ambayo ni haki yake, ila asiite akiba.

Kwa upande wa pili wa mizani, ni haki kutaja kwamba Aqua haina alteneta, stata wala feni belti ya kuharibika, na pedi zake za breki huchelewa kuisha kwa sababu mota hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Anayeamua kununua alipime gari asubuhi likiwa la baridi. Achomeke kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, afungue programu yake kwenye simu, aliendeshe mlimani na kwenye foleni, na aangalie kama volti za makundi ya moduli zinapanda na kushuka pamoja au kama kuna kundi moja linaloachwa nyuma. Kipimo cha chaji kinachoruka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache ni dalili mbaya, na feni inayovuma kwa nguvu wakati gari limetembea kidogo tu ni dalili nyingine. Amuulize fundi wake vilevile kama, kabla ya kugusa nyaya za machungwa, huchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika 10. Fundi anayeshangaa swali hilo asipewe gari.

Nimekuja na kifaa hicho, na Katibu ameniambia kwamba wanachama 3 wamefika leo na magari yao ya haibridi, ambayo yako pale nje chini ya mwembe. Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa Mwenyekiti, tutoke sote. Tutaanza na lile la kijivu, tunyanyue kiti cha nyuma, tuone feni yake ikoje, kisha tuzisome volti pamoja.