Nani Kapata Mfuniko?

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka, tangi lako la samaki linaendeleaje?

BARAKA: Nimelisugua mara tatu wiki hii, dada. Tangi jipya, mchanga mpya, na bado kioo kizima kimevaa utando wa kahawia. Leo nafuta, keshokutwa umerudi. Mwishowe nikauchota kidogo, nikauweka chini ya hadubini. Nilikaa pale mpaka usiku.

ZUHURA: Dayatomu hizo.

BARAKA: Dayatomu! Mwani wa seli moja uliojijengea nyumba ya silika, malighafi ileile ya kioo. Zilikuwa zinaipata kwenye maji na ule mchanga mpya.

ZUHURA: Basi leo tuna kazi tatu za dayatomu: maji taka, mafuta, betri. Tuanze na...

BARAKA: Kwanza nyumba yenyewe. Ni kopo na mfuniko. Seli ikigawanyika, kila mtoto anaondoka na nusu moja, kisha anajitengenezea nusu ya pili, na siku zote anatengeneza ile ya ndani. Aliyepata mfuniko anatoka sawa na mzazi. Aliyepata kopo...

ZUHURA: Kopo ndilo linakuwa mfuniko wake.

BARAKA: Na analitengenezea kopo dogo zaidi! Mwanawe naye vivyo hivyo. Ukoo unanywea kizazi hata kizazi.

ZUHURA: Mimi kitinda mimba, nawaelewa kabisa watoto wa kopo. Wanasinyaa mpaka lini?

BARAKA: Zikishafika udogo fulani zinazaliana kwa jinsi. Seli changa inavimba bila nyumba ngumu ya kuibana, halafu inajenga mpya, kubwa kama ya babu yao wa kwanza.

ZUHURA: Kumbe mtoto wa kopo naye ana siku yake! Haya, maji taka. Dayatomu hunyonya naitrojeni na fosforasi, vitu vinavyochafua maziwa. Kuta zake zina vitundu vidogo mno, na metali kama risasi na kadimi hunata humo. Halafu zinatoa oksijeni. Takriban asilimia 20 ya usanisinuru wote duniani ni kazi yao.

BARAKA: Hapo sina neno.

ZUHURA: Sasa, maji taka yana naitrojeni na fosforasi tele, silika haba. Dayatomu zikikosa silika, mwani mwingine unatawala, hata ule wenye sumu. Ziwa likishachafuka, tuliongezee silika, dayatomu zichukue nafasi yake.

BARAKA: Halafu nani atazivuna?

ZUHURA: Wadudu wa majini wanazila, samaki wanawala wadudu, sisi tunavua samaki. Fosforasi imetoka.

BARAKA: Na kadimi imeingia kwenye samaki. Dada, dayatomu isiyovunwa inakufa, inazama, inaoza na kula oksijeni ya chini, na fosforasi inarudi majini. Uchafu umehama chumba tu. Mimi nataka mabwawa ya kujengwa, mwani uchujwe utolewe.

ZUHURA: Mabwawa ni sawa kwa maji yanayotoka kwenye bomba. Fosforasi iliyokwisha kuingia ziwani utaifuata na chujio?

BARAKA: Bora nichelewe kuliko nimwage kitu kipya ziwani.

ZUHURA: Silika si kitu kipya, mito inaileta tangu zamani. Mabwawa makubwa yanayoziba mito ndiyo yanayoizuia.

BARAKA: Hilo kweli. Kumwaga bado nakataa.

ZUHURA: Na mimi kungoja nakataa.

BARAKA: Mtoto wa mfuniko na mtoto wa kopo.

ZUHURA: Nani kapata mfuniko?

BARAKA: Mimi, bila shaka.

ZUHURA: Thubutu! Tumebakiwa na dakika mbili na mafuta hatujayagusa.

BARAKA: Upesi basi: dayatomu ikinyimwa silika inaacha kugawanyika, inaanza kulimbikiza mafuta. Wamarekani waliufanyia utafiti mwani wa mafuta tangu 1978 hadi 1996.

ZUHURA: Na betri?

BARAKA: Betri haziingii leo. Niambie tu, tangi nilisugue au niache?

ZUHURA: Weka konokono waule huo utando. Ule utando unaoufuta unaenda wapi?

BARAKA: Unaelea humohumo majini.

ZUHURA: Basi hujavuna.

BARAKA: Kesho naanza na ndoo.

ZUHURA: Na konokono?

BARAKA: Ndoo, dada. Ndoo.