Mgao ukivuka wiki: tanki moja, watu watano

NEEMA: Karibu msikilizaji. Maji yakikatika siku mbili, kila nyumba Arusha ina madumu yake. Yakifika wiki, hapo ndipo watu wanaanza kugombana kuhusu nani kamaliza ndoo. Fundi Elia, tuanzie wapi?

ELIA: Chooni, dada. Chukua watu watano na simtanki la lita 1,000. Kunywa na kupika, weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku, jumla 25. Kuoga lita 8 kila mmoja, 40. Vyombo na mikono, 20. Hapo tuko kwenye 85. Sasa choo: kila mtu mara tatu, lita 5 kila mara, ni 75.

NEEMA: Karibu nusu ya matumizi yote.

ELIA: Jumla 160, na tanki linaisha siku ya saba. Choo kikipewa maji yaliyokwisha kutumika, tanki hilo hilo linavuka siku kumi na moja. Hujaongeza hata dumu moja.

NEEMA: Yaliyotumika unayakusanyaje?

ELIA: Ogea ndani ya beseni pana au karai. Ukiogea kwenye sakafu, maji yote yamekwenda. Ya kusuuzia nguo na vyombo yaende kwenye pipa moja lenye mfuniko, na yatumike ndani ya siku moja, maana yakilala yananuka na mbu wanaingia. Mkojo hauhitaji kumwagiwa maji kila mara. Kikubwa, mwaga ndoo moja kwa moja kwenye bakuli, kwa mkupuo, ukiwa umeinyanyua kiunoni. Ukimimina taratibu, maji yanapita juu na uchafu unabaki kwenye shingo ya choo. Utamwaga ndoo tatu bila mafanikio.

NEEMA: Wengine wanayajaza kwenye tanki dogo la nyuma la choo.

ELIA: Wasijaribu. Mafuta na nyuzi za nguo zinakaa kwenye ile raba ya chini, haifungi tena vizuri. Maji yakirudi, choo kinavuja usiku na mchana na bili inapanda.

NEEMA: Mikono nayo isiachwe. Kuhara kunakuja wakati kama huu, kwa sababu watu wanabana maji mahali pasipobanwa. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia unaloliinamisha kwa mguu, kinasaidia sana. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya shingo, upande wa mbele. Lining'inize kwenye mti mlalo, funga kamba shingoni iteremke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Tundu liwe dogo, kama unene wa njiti ya kiberiti. Likiwa kubwa, dumu linaisha kabla ya chakula cha mchana. Na sabuni uitungie kamba hapo hapo.

ELIA: Maji ya kunywa nakuachia wewe.

NEEMA: Maji ya mto au ya dumu la mkokoteni, kwanza yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Ukitia dawa kwenye maji ya tope, klorini inamalizwa na tope, vijidudu vinabaki. Yakishakuwa meupe, tia WaterGuard kwa kipimo cha kwenye pakiti, usikisie, kisha subiri dakika 30. Ukichemsha, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota karibu nyuzi 95. Yanatosha kuua vijidudu, mradi yatokote kabisa kwa dakika 1 nzima.

ELIA: Ila kuchemsha hakumalizi yote huku kwetu.

NEEMA: Hilo ndilo ninalotaka kila mama alisikie. Maji mengi ya pembeni mwa Mlima Meru yana floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi na visima huku vinavyopita hapo kwa mbali. Ile kahawia unayoiona kwenye meno ya watu wa Ngarenanyuki ni hiyo. Sasa ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Sufuria ya lita 4 ikishuka hadi 3, kila kikombe kina floraidi zaidi ya mwanzo. WaterGuard haiigusi. Kichujio cha mshumaa hakiigusi.

ELIA: Na mkaa?

NEEMA: Mkaa wa kupikia hapana. Mkaa wa mifupa ndiyo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi hiyo. Lakini uchomaji wake una kipimo: mfupa usioiva vizuri unatoa harufu kwenye maji, ulioungua kupita kiasi haushiki floraidi. Tena unachoka, na kwa macho huwezi kujua, lazima maji yapimwe. Na nikazie hapa: wakati wa shida watu wanaongeza magadi kwenye makande na maharage ili yaive upesi. Magadi yetu ya kaskazini nayo yana floraidi. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

ELIA: Kumbe mvua ndiyo mkombozi.

NEEMA: Ndiyo, maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Yatengwe kwa kunywa na kupikia, na mtoto wa chini ya miaka minane awe wa kwanza, kwa sababu meno yake ya ukubwani bado yanajengeka. Doa likishaingia, mswaki haulitoi.

ELIA: Kwa hesabu, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa za kumwagika, unabaki na kama 950. Lita 50 za mwanzo ziache zimwagike, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na maji ya boza, lile lori la maji, usiyamwage kwenye tanki hilo la mvua.

NEEMA: Kwa boza, muulize dereva amechota wapi. Omba ajaze chupa inayoonyesha ndani kwanza uyaangalie juani. Kisima kinaweza kutoa maji meupe pe na floraidi ikawemo, kwa hiyo ya boza yawe ya kuoga na kufulia. Na ncha ya mpira isiburuzwe chini kisha ikazamishwa tankini.

ELIA: Nimalizie na kurudi kwa maji, maana hapo ndipo vitu vinaharibika. Nyumba nyingi bomba linalopandisha maji tankini ndilo linaloyashusha. Bila valvu ya kuzuia maji kurudi, presha ya mtaa ikishuka, tanki lako linamwagikia bomba kuu. Unalala limejaa, unaamka halina kitu, unamshuku jirani. Valvu hiyo iwekwe baada ya mita, kabla bomba halijagawanyika, mshale wake ukielekea nyumbani. Ile ya aina yenye kibati kinachobembea ndani iwekwe mlalo. Mchanga ukikwama, haifungi, ifunguliwe isafishwe.

NEEMA: Na ule mpira ulioachwa ndani ya ndoo?

ELIA: Presha ikishuka, bomba linanyonya ile ndoo. Maji ya kudekia yanaingia kwenye bomba la kunywea. Utoe mpira kabisa.

NEEMA: Bomba likianza kukoroma?

ELIA: Hiyo ni hewa. Fungua geti valvu, ile koki kuu ya nyumba, kidogo kidogo, maana hewa ikipita kwa kasi inazungusha mita. Tangulia na bomba la nje, lile la chini kabisa, liteme kutu na tope. Ndoo mbili tatu hizo ni za choo. Yakiwa meupe ndipo uruhusu tanki. Boya la tankini, lile linalofunga maji tanki likijaa, likikwama wazi, mchanga umeingia kwenye tundu lake. Hita ya bafuni izimwe kwenye swichi tangu siku maji yanakatika, na isiwashwe mpaka bomba la kuogea litiririke dakika nzima bila kutema hewa. Koili ikipata umeme bila maji, inaungua palepale.

NEEMA: Na mabomba ya ndani?

ELIA: Yote yafungwe tangu siku ya kwanza, uyashike moja moja kwa mkono. Maji huku yanapenda kurudi saa tisa usiku.